Wifi Yangu Dilsara Alivyokuwa Waziri

Kaka yangu Tularam alichukuliwa asubuhi akiwa darasani, chaki mkononi. Waliomchukua walikuwa na bunduki chini ya makoti ya kiraia, wakasema wana maswali machache tu. Ilikuwa wakati wa vita. Kama walikuwa watu wa serikali au waasi wa msituni, hatujui mpaka leo, maana kila upande ulisema ni wale wengine.

Dilsara, mkewe, alikuwa bado bibi harusi kwetu. Alikuwa akizungumza na mama huku ameinamisha kichwa, ushungi mpaka kwenye nyusi. Lakini mama hakujua kusoma, na Kinepali chake cha huku milimani Jumla kiliwachekesha maofisa. Basi walipokuwa wakienda kambi hadi kambi kuuliza, Dilsara ndiye aliyekuwa mdomo wa mama. Ushungi ulirudi nyuma kidogo kidogo, sauti ikapanda. Vita vilipokwisha, ndiye aliyekuwa akisimama mikutanoni kusema kwa niaba ya wote waliopotelewa na watu wao, na hakuna mkutano aliosema watu wasilie.

Machozi hayo aliyaona Gorakh Shahi, mwenyekiti wa chama wilayani kwetu.

"Dada, una kipaji," alimwambia, akinywa chai barazani kwetu. "Sisi tuna jukwaa. Mbona tusisaidiane?"

Dilsara alimgeukia mama. Mama alikuwa akipepeta maharage, hakuinua hata uso. "Nenda, mwanangu. Wanaojua alipo wako huko juu. Huku chini tumeshauliza mpaka ng'ombe."

Hivyo ndivyo alivyoingia katika bunge la jimbo, kule Birendranagar. Hotuba yake ya kwanza tuliisikiliza redioni, majirani wamejaa mpaka mlangoni. Alilitaja jina la Tularam, akataja na wengine wengi. Kisha spika akamshukuru, wakaendelea na bajeti ya barabara.

Alipouliza tena, akaambiwa suala hilo ni la Kathmandu. Akaenda Kathmandu. Huko akaambiwa kuna tume ya waliopotea vitani. Na tume ilikuwa bado haijapata mwenyekiti. Kila sikukuu ya Dashaini alirudi nyumbani, mama akampaka tika, ile rangi nyekundu ya baraka, kwenye paji la uso, akambariki, na kabla vidole havijakauka akauliza, "Umewauliza?"

"Nimewauliza, mama. Kuna utaratibu."

"Huo utaratibu una miguu kweli? Mbona haufiki?"

Miaka ikapita hivyo. Halafu serikali ya jimbo ikaanza kuyumba na kura zikawa zinatafutwa kama sindano. Gorakh alimwendea Dilsara na ujumbe: akiunga mkono upande wao, atapewa wizara. Ila mambo ya vita ayaweke kando, kwa kuwa serikali mpya itakuwa na watu wa pande zote mbili, na ukimgusa mmoja wote wanaondoka.

Alinipigia simu kabla ya kujibu. "Wifi, nikiwa ndani nitaona mafaili."

"Na wao wakikuona unayaona?"

"Nimechoka kuuliza nikiwa mlangoni," akasema.

Akawa waziri. Alipata gari, walinzi, na ofisi yenye zulia. Mafaili hakuyaona. Mezani alikaa na wanaume wa pande zote mbili, akacheka walipocheka, na aliniambia baadaye kwamba kila alipopewa mkono alijiuliza kama ni huyu aliyemchukua Tularam.

Mwaka huo alikuja kijijini kwetu kufungua zahanati. Watu walipanga mstari na mashada ya maua. Mama alikuwa mbele na wenzake waliopoteza wana, lakini hakubeba shada. Dilsara alipoanza kusoma hotuba, mama akapaza sauti.

"Mheshimiwa Waziri! Mwanangu yuko wapi?"

Hakumwita mwanangu wala Dilsara. Alimwita mheshimiwa.

Mlinzi mmoja, mgeni asiyewajua, akamshika mama mkono kumtoa. "Bibi, twende pembeni, usilete fujo." Nikamwona wifi yangu akiinua macho. Nilidhani atashuka jukwaani. Midomo ilicheza, Gorakh aliyekaa nyuma yake akakohoa, naye akashusha macho kwenye karatasi akaendelea kusoma habari za chanjo.

Serikali ile haikumaliza mwaka. Uchaguzi uliofuata jina lake halikuwemo kwenye orodha ya chama, na Gorakh hakupokea simu. Alirudi kwa basi, na sanduku moja.

"Waziri, gari limeharibika?" mtu akamtania kwenye duka la chai.

"Limekufa kabisa, kaka. Sasa nina miguu tu, kama wewe."

Watu wakacheka, na yeye pia. Alipofika nyumbani akapiga magoti mbele ya mama, akagusa miguu yake kwa paji la uso. Alikuja kuomba radhi. Lakini mama kwa wakati ule akili zilikuwa zimeanza kumwacha. Alimtazama, akamvutia ushungi mbele kama bibi harusi.

"Umepika? Tularam anakaribia kutoka shule."

Dilsara alinitazama mimi, kisha akamjibu, "Amechelewa, mama. Ana wanafunzi wa mtihani."

Aliishi naye hivyo, akimwogesha, akimlisha kwa mkono wali wa mchele mwekundu wa kwetu, akimjibu lile lile kila jioni. Radhi aliyoitaka hakuwepo tena wa kuitoa.

Mama alifariki mwezi wa Magh, theluji ikiwa mpaka vizingitini. Tulimshusha mpaka mto Tila, tumchome kama ilivyo desturi yetu. Kuni zilipopangwa, baba mdogo akasema moto huu huwashwa na mwana wa kiume, mwanamke hauwashi. Tungoje atafutwe mpwa kutoka ng'ambo ya mto.

"Mwenye kazi hii tumemngoja vya kutosha, baba," Dilsara akasema.

Hakupaza sauti. Katika miaka yote hiyo, majukwaani na nyumbani, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kwamba kaka yangu hatarudi. Nilikaa chini kwenye mawe. Baba mdogo akampisha.

Kuni zilikuwa mbichi. Alipuliza mpaka macho yakawa mekundu, akavunja vijiti vikavu, akapuliza tena, na hakumruhusu mtu amsaidie.