Viberiti vya Bibi Mwanahawa

Mama Jenoveva Shekalaghe hakusomea ustawi wa jamii popote. Wakati wa Mwingereza alikuwa mhudumu wa zahanati, Uhuru ukamkuta karani, na mwaka 1975 ndiye aliyetupokea wanachuo tulioletwa Lushoto kwa mazoezi ya kazi. Mimi, Esta, mtoto wa Tanga mjini, nilifika nimejaa nadharia mpaka puani.

Sheria yake ilikuwa moja: wiki mbili za kwanza hakuna kuandika wala kutoa msaada. "Lima nao, kula nao, nyamaza," alisema. Niliona ushamba mtupu.

Alinipeleka kijiji cha Vuga kwa Bibi Mwanahawa, kikongwe asiyeona, aliyeishi na mjukuu wake yatima, Fatuma, wa miaka saba. Kila alfajiri Fatuma alipanda mlima na kigae mkononi kwenda kuomba moto kwa jirani. Ukungu, utelezi, na mtoto miguu mitupu! Roho iliniuma. Siku ya nne niliwanunulia viberiti sita, nikamfundisha Fatuma kuwasha. Kesho yake malaria yangu ya pwani ikaniangusha, nikalala hospitali siku kumi.

Niliporudi, Bibi alikuwa hoi kwa homa, Fatuma macho yameingia ndani kwa njaa, chungu kikavu. Niliwapikia uji, kisha nikakaa nikaandika kurasa tatu kwa hasira: majirani hawajali, mtoto ametelekezwa, apelekwe kituo cha yatima. Ilibaki sahihi ya Mama Jenoveva tu. Akiiweka, gari lingemfuata Fatuma wiki hiyo hiyo.

Mama aliisoma yote. Kalamu hakuigusa.

"Moto wanapata wapi siku hizi?"

"Wana viberiti, mama. Niliwapa mimi," nilijibu, kifua mbele.

Alivua miwani, akasimama. "Chukua kanga yako, twende."

Kufika Vuga hakwenda kwa Bibi. Alipanda hadi kwa mke wa Athumani, jirani wa juu, na baada ya salamu akamuuliza kwa nini siku hizi hashuki kwa Bibi.

"Nishuke na nini, mama?" yule mama alisema, naye kakasirika. "Mtoto akija na kigae namuuliza bibi kaamkaje. Akisema anaumwa, nashuka. Kama hawajala, haondoki mikono mitupu. Sasa haji. Tukasema basi, wamepata mtu wa serikali, sisi wa nini tena?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Jenoveva akamweleza habari ya homa, na hakumaliza: mke wa Athumani alikwisha kuchota makaa kwenye kigae, akabeba viazi na kibuyu cha maziwa, akatangulia kuteremka.

Mlangoni alipiga hodi. Bibi Mwanahawa aliitambua sauti, akajaribu kuinuka kitandani, akashindwa.

"Ni wewe?" alisema. "Nilidhani mmenichoka."

Nililia, na sioni haya kusema. Mama Jenoveva alikusanya viberiti vilivyobaki, akavitia mkobani, akatoa ripoti yangu na kunirudishia bila sahihi.

"Wiki zako mbili," alisema, "zinaanza leo."