Jeep ya Arusi Yenye Matawi ya Msiba

Jumamosi tulikuwa tukimpeleka binti yangu, bibi-arusi, Kalembe kwa jeep iliyopambwa maua. Karibu na kizuizi cha watu wenye silaha, dereva alisimama akang'oa maua yote.

"Gari ya arusi wanaikamataga," alisema. "Ya matanga wanaiacha."

Akafunga matawi mbele, kama tufanyavyo kwenye msiba. Shangazi yake akamfunika bibi-arusi kikwembe, kitenge cheusi cha kufiwa.

Kizuizini mtu mwenye bunduki aliingiza kichwa dirishani.

"Nani alikufa?"

Hatukuwa tumepanga jibu. 

"Bwana yangu," akasema bibi-arusi.

"Pole, mama. Mupite."

Baada ya kona dereva alirudisha maua. "Dada, cheka basi, tulipita!"

Bibi-arusi alikivua kikwembe. "Nilimuua na kinywa yangu, Papa," aliniambia. Hakuna aliyethubutu kupiga honi mpaka Kalembe.

Bwana-arusi alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa. Bibi-arusi alimshika uso kwa mikono miwili kabla ya kumsalimu.

Mimi nilisoma misheni na siamini kwamba kinywa huua mtu. Hata hivyo, bwana-arusi aliponipa mkono, sikuuachia mpaka nilipohakikisha kwamba una joto.