Jirani Aliyekula Kwetu

Watu wa televisheni walikuwa waje Jumapili mchana kumrekodi binti yangu akila na familia yake. Tangu Ijumaa nilikuwa nikificha vitu.

Hapa Osaka tunaitwa akina Yasuda. Hilo ni jina la mlangoni na la shuleni. Ndani sisi ni akina Ahn, Wakorea, na binti yangu ni Myong-hwa. Lakini shindano la kuimba alilishinda kwa jina lake la Kijapani, Yasuda Akemi, na huyo ndiye aliyeahidiwa mkataba na kampuni ya santuri. Msichana mwingine wa mtaa wetu aliwahi kuahidiwa hivyohivyo. Ikajulikana kuwa ni Mkorea, na mkataba ukafa. Mpaka leo anabandika soli za kandambili, kama mimi.

Mtungi wa kimchi, kabichi yetu ya pilipili, niliupeleka nyumba ya pili. Picha ya marehemu baba mkwe, amevaa nguo zake nyeupe za Kikorea, niliificha chini ya magodoro. Akabaki mama mkwe.

"Na mimi utanifunika na nini?" akaniuliza.

"Mama, usiseme kitu tu. Na ukae kwa kupiga magoti kama Wajapani."

"Magoti yangu yana miaka sabini na mbili, mwanangu. Hayajui Kijapani."

Walikuja watatu: kijana wa kuuliza maswali, mpiga picha na mshika taa. Tukaanza kula. Myong-hwa aliinua bakuli lake la wali, nami nikainua langu, kama wanavyokula Wajapani. Mama mkwe aliliacha lake mezani, akawa anachota kwa kijiko, goti moja amelisimamisha kifuani, kama wanavyokaa wanawake wa kwao. Kamera ikamgeukia.

"Na huyu ni nani?" kijana akauliza.

Mdomo ulinitangulia. "Jirani. Hana mtu, kwa hiyo huwa tunamkaribisha."

Myong-hwa alinitazama. Mama mkwe akaweka kijiko chini, akafuta mdomo, akainamisha kichwa. "Asante kwa chakula, mama Yasuda," akasema kwa Kijapani chake cha kukwamakwama. Akavaa viatu, akatoka nyumbani kwake mwenyewe. Ilikuwa Februari, na koti lake lilibaki msumarini.

Wakamtaka Myong-hwa aimbe kidogo karibu na dirisha. Alifika katikati ya ubeti akanyamaza. Alikuwa amemwona bibi yake uchochoroni, amesimama kando ya bomba, amejikumbatia.

"Vipi, Akemi?" kijana akauliza.

Myong-hwa alifungua mlango akaita kwa lugha yetu, "Bibi, ingia, utaganda."

"Mimi jirani," mama mkwe akamjibu. "Jirani ana kwake."

"Bibi, ingia bwana."

"Umemwitaje?" kijana akauliza. Nilimvuta binti yangu upindo wa sketi. Nilimvuta tena.

"Bibi," akasema kwa Kijapani. "Ni mama yake baba. Sisi ni Wakorea."

Kijana alimtazama mpiga picha. Taa ikazimwa. "Wali ulikuwa mtamu sana, mama," akaniambia kwa adabu bila kunitazama, wakaanza kukunja nyaya zao.

Alhamisi kipindi kilirushwa. Myong-hwa alionekana jukwaani tu. Kampuni haijapiga simu, na leo ni siku ya tisa tangu waje kurekodi.

Asubuhi ya leo mama wa duka la tofu, ile jibini ya soya, aliniuliza, "Mama Yasuda, mbona nyumba yenu hawakuionyesha? Tulikaa tukingoja."

"Taa yao iliungua," nikasema.

Myong-hwa alikuwa nyuma yangu. Alichukua tofu, akaniaga kama jirani tu, akatangulia nyumbani peke yake.