Kevina wa Oli hauzi mafuta ya taa kabla ya kuyajaribu

Kevina Ayikoru amechuchumaa nyuma ya kibanda chake, mbali na nyumba. Mbele yake, juu ya mchanga, kuna kizibo cha soda chenye matone machache ya mafuta ya taa. Ameshika bua refu la mtama linalowaka nchani, analisogeza taratibu.

Moto unarukia kizibo kabla bua halijafika.

"Duku," anasema bila kupaza sauti, "hii mafuta siuzi."

Duku, mchuuzi anayemletea mafuta kwa pikipiki kutoka Koboko, bado ana vumbi la safari usoni. "Mama, hii iko safi. Mimi nanunua asubuhi, pale pa siku zote."

"Pale ilikuwa safi. Kwa jerikeni yako ndiyo imekutana na petroli."

Hapa Oli, pembezoni mwa mji wa Arua nchini Uganda, Kevina anauza mafuta ya taa peke yake. Umeme wa jua umempunguzia wateja. Waliobaki ni mafundi cherehani wanaosafishia mashine, mafundi baiskeli wanaooshea minyororo, na wafugaji wanaowasha taa za kupasha vifaranga joto. Jerikeni ya lita ishirini, iliyokuwa ikiisha kwa siku mbili, sasa inamaliza wiki.

Kazi hii hakufundishwa na mtu. "Nilikuwa naangalia tu," anasema. "Mafuta ya taa ni mvivu. Ukileta moto, inafikiria kwanza. Petroli haingoji. Mvuke yake inatoka kukutana na moto njiani. Weka hiyo kwa taa, washa ndani ya nyumba, uone."

Nyumba za Oli zimebanana. Moja ikishika moto, za jirani haziponi.

Kwenye benchi ameketi Kaltumu, mfugaji, akiwa na chupa tupu. Vifaranga wake mia moja wanafika na basi la jioni, wa kwanza tangu ugonjwa ulipomaliza banda lake mwaka jana. Wakilala bila joto, wengi hawataiona asubuhi.

"Dada, nipe tu," anasema. "Taa nitaweka mbali na majani."

"Mbali wapi, na unalala nao chumba kimoja?"

"Petroli ni kidogo tu," Duku anaingilia. "Mutu hatajua."

Kaltumu anamgeukia. "Wewe nyamaza. Kuku yangu haijui kuendesha pikipiki. Petroli ya nini?"

Wanacheka, Duku naye. Kisha Kevina anamwuliza Duku kitambaa cha jerikeni kiko wapi.

Wachuuzi wa barabara hii hufunga kipande cha kitenge kwenye mkono wa jerikeni ya mafuta ya taa, kwa kuwa jerikeni zote ni za njano. Duku anatazama. Mkono uko wazi.

"Ni Stella," anasema, akimtaja mkewe, Stella Kiden. "Alifungua kitambaa, akafungia mzigo ya mihogo. Mimi nikachukua jerikeni ya petroli, nikafikiri ndiyo yenyewe."

Kevina hamgombezi. Anafunga kifuniko kwa nguvu na kuiweka jerikeni kivulini, peke yake. Anaingia ndani, anarudi na jiko lake la mafuta na taa yake, na kumimina mafuta yaliyomo katika chupa ya Kaltumu. Chupa inajaa zaidi ya nusu.

"Hii inafika asubuhi. Punguza utambi, acha dirisha wazi."

"Na wewe utapikia nini?"

"Kuni iko. Nenda, basi isikupite."

Kaltumu anaondoka haraka kuelekea kituoni. Duku anaahidi kurudi kesho na mafuta mengine, ndani ya jerikeni mpya.

Kevina anataka kuacha vitambaa kabisa. Mpango wake ni kupaka rangi ya bluu shingo za jerikeni zote za mafuta ya taa, zake na za wachuuzi wote wanaomletea. "Kitambaa mke anafungua," anasema. "Rangi atafungua namna gani?"

Ameomba kopo la rangi iliyobaki kwa jirani, na anaanza papo hapo. Shingo ya kwanza inatoka vizuri. Kwenye ya pili rangi inakuwa nzito, inavutika kama uji uliopoa. Ingehitaji tone la mafuta ya taa kuilainisha.

Anatazama jiko, anatazama taa. Anafunika kopo na kuegemeza brashi ukutani, mpaka Duku arudi.