Mshale Uliopanda Karibu na Makambako

Baba alipokuwa hai, hakumruhusu mtu yeyote kushika usukani wa pikapu yake. Alifariki msimu wa baridi, gari likabaki kwangu. Kila nilipotoka nalo Njombe na mama, mshale wa joto la injini ulitulia. Tukikaribia Makambako ulianza kupanda taratibu, kila safari palepale, hadi kwenye alama nyekundu.

"Baba yako hataki tuende mbali," mama akasema safari ya tatu.

Nilimjibu vibaya. Nikasema ni sensa tu, kile kifaa kinachopima joto la injini, nikanunua mpya. Mshale ukapanda palepale.

Fundi mmoja wa Makambako aliichomoa hiyo mpya, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto na kuipima kwa mita ya umeme. Nzima. Akaipima na ile ya zamani. Nzima pia. Nikajikuta nayafikiria maneno ya mama, na hilo likanikasirisha zaidi.

Ndipo akainama mbele ya gari, akavuta kipande cha boksi kilichokuwa kimeziba rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Kwetu Njombe madereva hukiweka pale asubuhi za baridi ili injini ipate joto upesi, na wakifika kwenye joto, kama Makambako, hukitoa. Nalijua hilo tangu utotoni, lakini sikuwahi kuinama kuchungulia.

Nilikifuta vumbi. Kulikuwa na maandishi ya kalamu, mwandiko wa baba kabisa: "Mwanangu, kitoe hiki kabla hujafika Makambako."