Hofu ya Mama Kahindo

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uuguzi, katika kituo cha afya cha kambi ya wakimbizi nje ya Goma, nilikabidhiwa Mama Kahindo, mkulima kutoka Rutshuru. Alikuwa na siku tatu bila kula. Moyo ulimwenda mbio, ingawa hakuwa na homa wala jeraha.

"Vumilia, mama," nilimwambia. "Vita imetutesa sisi wote."

Akajifunika kitenge usoni.

Titulere, ndivyo tulivyomwita muuguzi mkuu wa kituo, alinivuta kando. "Ulimuuliza anaogopa nini?"

"Vita, Titulere."

"Hiyo ni woga yako weye. Rudia kwake, umuulize."

Nilirudi, nikaketi karibu naye. Nilipomuuliza, alijifunua uso.

"Niliacha mama yangu mu njia. Miguu ilimushinda, akaniambia niendelee na batoto. Sijue kama eko muzima."

Mabomu aliyasikia kama sisi, lakini hilo la mama yake ndilo lililomuumiza. Titulere alitufundisha kwamba mkazo wa akili huanza na jinsi mtu anavyolipima jambo: linanitisha vipi, na nina nini cha kulikabili? Linalowezekana, msaidie alitende. Lisilowezekana, msaidie kulibeba.

Basi kila asubuhi Mama Kahindo alisimama penye njia ya kuingia kambini, akiwauliza waliofika. Mchana alichambua sombe, majani ya muhogo, pamoja na wanawake wa kwaya ya kambini. Akaanza kula, kidogo kidogo. Wiki ya tano akafika jirani yake wa zamani: bibi yule aliyeachwa njiani alikuwa amefariki, nao majirani walikuwa wamemzika kwa sala kando ya njia ile. Mama Kahindo alilia siku mbili, hatukumnyamazisha. Siku ya tatu akaniambia, "Sasa najua pa kumulilia."

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya cha Birere, mtaa wa Goma mjini. Vita vilipoingia mjini, sindano iliniponyoka mkononi.

"Mama, leo hautachoma mutu sindano," alisema daktari mkurugenzi. "Andika majina tu. Ukiwa tayari, utaniambia."

Niliona aibu wakati ule. Leo namshukuru.

Sasa nimestaafu. Juzi milio ya risasi ilisikika tena, na jirani yangu, muuguzi aliyeanza kazi mwaka huu, akanikuta nimeketi sakafuni, mbali na dirisha.

"Hata weye, mama, kisha miaka yote hii?"

"Hata miye," nilimjibu. "Moyo haupewi pensheni."

Nikamwomba akae nami mpaka kutulie.