Mwalimu Aliyekataa Tunyamaze

Nilikuwa kwenye foleni ya mkate Ladypool Road, hapa Birmingham, Uingereza, nilipopigiwa simu. "Mwalimu katutoka," nikaambiwa, na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa dua, ilikuwa aibu. Nyinyi wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua navyopenda kulaumu watu katika safu hii. Haya, leo wa kulaumiwa ni mimi, someni kwa raha zenu.

Marehemu alisomesha historia sekondari kwetu pwani ya Tanzania kwa miaka chungu nzima. Alipofika Birmingham vyeti vyake havikumfaa kitu, akapata kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja kule Erdington, anaogesha na kulisha watu ambao wengine hawakutaka hata mkono wake uwaguse. Sikupata kumsikia akilalamika. Jumamosi alivua sare, akavaa koti na tai, akaja Sparkbrook kwenye ukumbi tunaokodi jumuiya yetu, kuwafundisha watoto wetu historia kwa Kiswahili. Watoto wenyewe wanakielewa ila wanajibu kwa Kiingereza. Hakujali. Alisema sikio likishazoea, mdomo utafuata.

Siku moja nilikaa nyuma ya darasa nikimsubiri mjukuu wangu. Alikuwa anafundisha vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Kachora ramani ubaoni, kapiga mstari katikati: Kaskazini viwanda, Kusini mashamba ya pamba na watumwa. Kila jimbo jipya lilipoomba kuingia, akasema, waligombana: liwe la watumwa au liwe huru? Wakapatana kwa kugawana, Missouri lenu, Maine letu, wakapeana mikono wakaenda kula. Waliouzwa minadani hawakuulizwa. Kisha Bunge likapitisha kanuni kwamba maombi ya kupinga utumwa yawekwe kando, yasijadiliwe kabisa. "Kimya kikapatikana," alisema, "halafu mbunge wa Kusini akaingia Seneti na fimbo, akamtwanga mwenzake wa Kaskazini mpaka akazirai. Baada ya hapo ikawa bunduki." Binti mmoja akauliza kwa nini hawakukaa wakazungumza. Mwalimu akacheka kwa uchungu. "Walizungumza sana, mwanangu. Kila kitu isipokuwa hilo."

Mimi nikaona ni somo zuri la mambo ya mbali. Mwaka uliofuata mwana wa pekee wa Mwalimu, kijana muuguzi, mpole kama baba yake, akapeleka posa kwa familia moja ya humu humu jumuiyani. Binti karidhia, mama karidhia. Baba wa binti akapiga simu kwao kuuliza ukoo, kama ilivyo desturi, akaambiwa babu wa babu yake kijana alikuwa mtumwa katika shamba la ukoo wao. Posa ikarudishwa. Nayo ingerudishwa kwa siri tungesema afadhali, lakini shangazi mtu alitamka jikoni kwenye shughuli, sufuria za pilau ziko motoni na wanawake wote wanasikia: "Sisi hatuozi kwa watumwa wetu." Loo! Hapa Birmingham, ambapo mbele ya Mwingereza sote ni weusi tu, mtu bado anahesabu watumwa wake! Kijana alikuja kwangu analia, na mimi nikamwambia asubiri, mambo yatapoa.

Jumuiya ikapasuka pande mbili. Mwalimu hakutaka binti wa mtu kwa nguvu. Alitaka jambo moja: lile neno lizungumzwe mkutanoni, mbele ya wote, na jumuiya itamke kwamba hakuna mtumwa wala bwana miongoni mwetu. Kamati tukaogopa watu watajitoa. Funika kombe mwanaharamu apite, tukaambiana. Na mimi katibu nikaandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili hiki hiki ninachojivunia: masuala ya asili na nasaba za wanachama yasijadiliwe vikaoni. Mwalimu akaisoma ile karatasi mara mbili, akavua miwani. "Bwana katibu," akaniambia, "hii nimeshaifundisha. Unajua ilivyokwisha."

Kila mwaka kabla ya mkutano mkuu alinijia. "Mwaka huu je?" Nami kila mwaka nikamjibu, "Mwalimu, subiri joto lishuke." Joto gani, jamani! Watu waliokula sinia moja wakaanza kupishana Stratford Road bila salamu. Maulidi yakawa mawili, siku moja, kumbi mbili. Wazazi wakatoa watoto darasani mmoja mmoja, upande ule wakidai anawapandikiza chuki, upande huu wakichoka na ugomvi. Mwisho alibaki anafika Jumamosi na koti lake, anafuta ubao, anangoja saa nzima, kisha anafunga ukumbi na kurudi Erdington. Alifariki akiwa bado anangoja jibu langu.

Mazishini pande zote zilikuja, maana maiti hasusiwi. Msikitini, jeneza likiwa mbele yetu, baba wa yule binti akaenda kumpa kijana mkono wa pole. Kijana akaupokea, asiuachie. "Mzee," akasema, kwa adabu kabisa, "baba yangu alikuwa mtumwa wa nani?" Mzee yule akaniangalia mimi, na wengine wakaniangalia mimi. Nikamshika kijana bega. "Subiri, mwanangu. Si wakati wake huu."

Akanigeukia, macho makavu. "Ami, wakati wake lini?"

Tukapanga safu, tukamsalia.

Mkutano mkuu ni mwezi ujao. Nitasimama niombe kanuni ile ifutwe, na nitasema mbele ya wote kwamba aliyeiandika ni mimi. Wakijitoa na wajitoe. Nilijidanganya kwamba nalinda umoja, kumbe nilikuwa nalinda raha yangu. Nimejifunza, na nimechelewa, kwamba anayeombwa subira siku zote ni yule aliyeumizwa, na anayeiomba ni mtu kama mimi, asiyeumwa popote. Kijana yule nimemwomba subira mara mbili. Mara ya pili baba yake alikuwa hajazikwa.